Siku Injini Iliponyamaza

Watu wa Jinja wakisikia kwamba nilifanya kazi kwenye meli ya makontena, jambo la kwanza wanaloniuliza ni bahari. Inafananaje? Imelipita ziwa letu kiasi gani? Huwa nawajibu ovyo ovyo tu, kwa sababu bahari yenyewe niliiona kidogo sana. Kazi yangu ilikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha injini, na chumba hicho hakina dirisha. Nilichokijua ni ukuta wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, na kwamba upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na maji. Siku za mwanzo nilikuwa nikipita hapo nauwekea mkono. Ulikuwa baridi, tofauti na kila kitu kingine mle ndani. Baadaye niliacha kuugusa, maana kila nikiugusa nilikosa usingizi.

Nilizaliwa Mpumudde, katika nyumba ya Wanubi ambamo tulizungumza Kinubi na Kiswahili. Kiswahili nilijifunza mapema kutokisema kwa sauti mbele ya wazazi wa wenzangu. Mama mmoja jirani, Msoga, aliwahi kuangusha sufuria ya maji ya moto aliponisikia nikimfokea mdogo wangu kwa Kiswahili nyuma ya nyumba yake. Alidhani askari wamekuja, maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Nakumbuka alivyokuwa ameshika ukingo wa mlango, na mimi nilikuwa mtoto wa kaptula tu.

Ufundi wa majenereta niliupata katika karakana moja kwenye njia ya Kimaka. Hapo ndipo nilipokutana na yule aliyekuja kuwa mwenzangu wa melini. Alikuwa Mkenya, lakini amekulia Mbale, ambako wazazi wake waliuza vitunguu sokoni, na sasa alikuwa utingo wa malori yanayoleta makontena kutoka Mombasa. Lori lao liliharibika, wakalala kwetu siku kadhaa, tukawa marafiki. Ni yeye aliyeanzisha habari za meli. Alisimama mbele ya kontena lao, akaligonga kwa ngumi, akasema, "Hili limepita kwenye mikono ya watu huko majini. Kwa nini watu hao wasiwe sisi?"

Ilituchukua miaka. Tulikwenda Mombasa, tukasomea, tukahangaika na mawakala, hadi tukapata meli moja, yeye kwenye sitaha, mimi kwenye injini. Wengine walikuwa Wafilipino, Wahindi na watu wa Ulaya Mashariki. Kiswahili kikawa cha watu wawili tu. Kile ambacho nyumbani niliambiwa nikinong'one, melini tulikisema kwa kelele kwenye meza ya chakula, na hakuna aliyeogopa.

Meli ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwenzangu akienda omo, yaani mbele kabisa, sisi wa nyuma tuliweza kumpata kwa redio tu. Makontena yalipangwa juu ya sitaha kama majumba ya ghorofa, na mengine mengi yalikuwa ndani ya tumbo la meli. Kazi yake ilikuwa kukaza fito za chuma zinazoyashikilia, kupaka rangi, kukwangua kutu, kuvuta kamba tukifika gatini. Yangu ilikuwa kufuta mafuta, kusoma mageji, kusafisha vichujio, na kumtii mhandisi wa pili, Mhindi mmoja mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti hata mara moja. Injini yenyewe ilikuwa na kimo cha nyumba. Ukipanda ngazi zake tangu chini mpaka juu unatweta. Kelele yake ilipita kwenye vifuniko vya masikio, ikapita kwenye meno, na baada ya muda husikii kitu kingine.

Miaka hii, kwa sababu ya vita, meli nyingi zimeiacha njia ya Bahari ya Shamu, zinazunguka kusini mwa Afrika. Tulipoambiwa na sisi tutazunguka, tulishangilia. Tulikuwa tumeona kwenye simu picha za meli zilizopigwa makombora. Mwenzangu alimpigia mkewe, akamwambia, "Sasa lala salama, hatupiti tena kule." Hatukujua kusini kunakuwaje wakati wa baridi.

Hali ilianza kuchafuka taratibu. Kwanza vikombe viliteleza mezani. Kisha mpishi akafunga sufuria zake kwa kamba. Kisha meli ikaanza kulala upande, inakaa pale kana kwamba inafikiria, ndipo inarudi. Nilikuwa nikiihesabia pumzi, nikiogopa ile mara moja ambayo haitarudi. Siku ya pili ya hali hiyo tulikunywa chai ya asubuhi pamoja, mimi na mwenzangu, tumesimama, miguu tumeipanua.

"Mbele kule kuna mlango wa hewa unavuja," aliniambia. "Mimi na serahangi tumeambiwa tupite njia ya chini tukauzibe."

Serahangi ni mkubwa wa watu wa sitaha. Njia ya chini ni ujia mrefu unaopita ndani ya ubavu wa meli, tangu nyuma mpaka mbele, ili mtu asilazimike kutembea juu kwenye mawimbi.

"Nenda, urudi upesi," nilisema.

"Kwani nikikaa kule nitafanya nini?"

Akacheka, akaondoka na begi lake la vifaa. Mimi nikateremka kazini.

Nilimkuta mhandisi wa pili ameinama kwenye vichujio vya mafuta ya majenereta. Mafuta ya meli hukaa kwenye matangi makubwa, na chini ya matangi hujikusanya uchafu mweusi, mzito kama tope. Bahari ikitulia, uchafu nao hutulia. Meli ilivyokuwa ikitikiswa siku ile, tope lote lilikuwa limeamka, linakuja moja kwa moja kwenye vichujio. Tulisafisha kimoja, tukakirudisha, tukafungua kingine, na kile cha kwanza kilikuwa kimeshajaa tena. Nilikuwa nimefunga kiuno changu kwa mkanda kwenye bomba ili nisirushwe.

Taa nyekundu ikawaka kwenye ubao. Nyingine ikafuata. Kengele zikaanza kulia, nikamwona mhandisi wa pili akigeuka kuniangalia, mdomo wake ukisema kitu ambacho sikukisikia. Kisha majenereta yakakosa mafuta, na taa zote zikazimika.

Injini kubwa, ambayo pampu zake hutegemea umeme, haikunyamaza mara moja. Ilishuka, ikashuka zaidi, kama mtu anayekata roho, halafu ikawa kimya. Kwa miezi yote niliyokaa mle sikuwahi kusikia kimya. Nilivua vifuniko vya masikio nikidhani vina kasoro. Hapo ndipo nikasikia maji. Yalikuwa yanapiga ule ukuta mweupe kwa nje, karibu kabisa, kama mtu anayetaka afunguliwe.

Jenereta ndogo ya dharura ikaamka huko juu, ikatupa taa chache za manjano. Haikuwa na nguvu ya kuiendesha meli. Meli isiyo na injini haina wa kuielekeza, na mawimbi huigeuza upande. Niliisikia ikigeuka. Ikalala, ikalala zaidi ya ilivyowahi kulala, spana zikaruka kutoka kwenye ubao wake, pipa likakatika kamba na kuvingirika sakafuni. Na juu ya vichwa vyetu kukaanza mngurumo. Niliudhania radi. Lakini radi haiitikisi sakafu.

"Makontena," mhandisi wa pili alisema kwa Kiingereza. "Yanaanguka."

Yalianguka safu baada ya safu. Kila moja lilipiga chuma kwa chuma, likakwaruza, kisha kimya kidogo, na najua sasa kwamba kile kimya kilikuwa muda wa kufika majini. Nilitaka kupanda ngazi nikimbie. Kwenda wapi, sikujua. Mwili wangu ulitaka tu kuwa juu.

Kwenye redio iliyoning'inia ukutani nilimsikia nahodha akiita watu wa omo. Serahangi ndiye aliyejibu. Alikuwa amerudi nyuma kuchukua mpira wa kuzibia, na kukatika kwa umeme kulimkuta kwenye stoo ya nyuma. Nahodha akamuuliza yule mwingine yuko wapi. Serahangi akasema, "Nilimwacha mbele." Nahodha akamwita mwenzangu. Akamwita tena. Redio ilikuwa ikikwaruza tu. Aliita mara nyingi, na sauti yake ilikuwa ikipungua kama ile injini.

Mhandisi wa pili alinishika bega. "Tochi," alisema. "Shika tochi. Tukiwasha jenereta moja, tutageuza meli. Hakuna msaada mwingine tunaoweza kumpa rafiki yako."

Nikashika tochi kwa meno, nikashika spana kwa mikono miwili. Nilianza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Nilifika katikati nikaisahau, nikaanza upya, nikaisahau palepale tena. Aya niliyoisoma tangu utotoni! Midomo ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba mwanga wa tochi uliruka ruka ukutani, na mhandisi akaniambia kwa upole niuweke sawa.

Tulifungua kichujio cha kwanza. Cha pili kilikuwa bado na mafuta ya moto ndani, na wakati tunalegeza kifuniko meli ilipigwa, mkono wa mhandisi ukateleza. Mafuta yalimrukia kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Mafuta yale huchemshwa kabla ya kwenda kwenye mashine, huwa moto kuliko maji yanayochemka. Alitoa sauti moja fupi. Nikaacha spana, nikamshika.

"Endelea," alisema. "Usiniangalie mimi. Angalia kichujio."

Niliendelea. Nilikuwa nikilia, sioni aibu kusema. Aliketi chini ameegemea mashine, mkono ameuinua juu, akinielekeza: fungua hiki, funga kile, toa hewa hapa, ngoja, ngoja, sasa. Jenereta ikakohoa ikafa. Akasema, tena. Ikakohoa ikafa. Huko juu kontena jingine likaenda. Akasema, tena. Safari hii ikashika, na taa zikaja zote kwa pamoja zikaniumiza macho.

Injini kubwa ilichukua muda zaidi. Mhandisi mkuu na wengine walikuwa wameshateremka, na mimi nilikuwa nikifanya nilichoambiwa bila kujua nafanya nini. Ilipoanza kunguruma na meli ikageuza omo kuyakabili mawimbi, nilihisi sakafu ikinyooka chini ya miguu yangu. Hakuna aliyeshangilia. Tulimbeba mhandisi wa pili juu.

Kisha mhandisi mkuu akasema kuna maji kwenye njia ya chini, na anataka mtu wa injini afuatane na serahangi kuangalia pampu na kumtafuta yule aliye mbele. Akanitazama mimi. Sijui alijua ni rafiki yangu, au ni kwa sababu tu nilikuwa nimesimama karibu.

Ujia ule ni mwembamba, watu wawili hawapishani. Taa nyingi zilikuwa zimekufa. Maji yalitufika kwenye muundi, yanakimbia mbele meli ikiinama, yanaturudia ikiinuka, na kila yaliporudi nilifikiri ubavu umepasuka. Serahangi alitangulia, mtu mzima wa Kifilipino mwenye mgongo mpana, na mimi niliukazia macho mgongo ule nisione kitu kingine. Nilikuwa nikijiandaa kwa nitakachokikuta. Nilijaribu kufikiria nitamwambia nini mkewe, na kila nilipofika kwenye maneno yenyewe akili yangu ilikataa.

Mwisho wa ujia, mlango wa stoo ya kamba ya mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani. Serahangi akaugonga kwa nyundo. Hakuna kitu. Akagonga tena. Mimi nikapiga kelele kwa Kiswahili, jina la mwenzangu, na maneno mengine ambayo siyakumbuki.

Mipini ya mlango ikaanza kuzunguka, polepole.

Alikuwa amesimama kwenye maji, uso wa kijivu kama majivu, amejifunga kamba ya meli tumboni. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmekawia?" akasema.

Nikacheka, na yeye akacheka, halafu tukambeba kurudi nyuma.

Mhandisi wa pili alishushwa kwenye bandari iliyofuata, akapelekwa hospitali. Aliniandikia baadaye kwamba mkono ulipona, ingawa vidole viwili havikunjiki vizuri. Sisi tulimaliza mkataba wetu na kurudishwa nyumbani.

Nilidhani hofu nitaiacha kule. Jinja iko mbali na bahari, nilijiambia, ardhi yake haitikisiki. Lakini mchana mmoja, tukiwa tumeketi na mke wangu tunakula posho, yaani ugali, na maharage, umeme ulikatika. Ni jambo la kawaida hapa, watu wanaguna tu na kuendelea. Jokofu lilinyamaza. Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye kona ya chumba, nimeshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, miguu nimeipanua. Sahani yangu ilikuwa sakafuni.

Mke wangu ni Msoga, na Kiswahili chake amekipata kwangu. Hakupiga kelele. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Baba Watoto, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapana," alisema. "Hauko."

Nilikuwa sijamweleza chochote. Nilimwambia tu kulikuwa na upepo. Mchana ule nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye sauti ya makontena alinifunika mdomo kwa kiganja chake. "Kale, sawa, basi," alisema. "Basi."

Haikupita muda mrefu, wakala wa Mombasa akapiga simu. Ni meli ileile, alisema, nahodha ametuomba sisi wawili, tujibu upesi. Nilimwambia nitampigia. Nikatoka nje nikatapika kando ya ukuta wa jirani, nikajipangusa, nikarudi ndani kama mtu aliyekwenda kuangalia kama nguo zimekauka.

Kesho yake nikaenda Mbale, na kutoka pale Nakaloke, ambako mwenzangu amejenga. Mkewe ni Mgisu, anauza nyanya na vitunguu kwenye soko la pale. Alifunga meza yake mapema aliponiona, tukaongozana mpaka nyumbani. Njiani aliniambia, "Shemeji, umekonda."

Mwenzangu alikuwa anapiga plasta chumba cha nyuma. Alinawa mikono, tukakaa. Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile. Melini tulikuwa tunaikwepa. Sasa nilimuuliza.

"Redio iliniponyoka umeme ulipozimika," alisema. "Ikaangukia kwenye maji ya sakafuni. Nikawa nasikia makontena yanaanguka juu ya paa. Nikajua meli imekatika katikati, kipande chenu kimezama, na mimi niko kwenye kipande kilichobaki, naelea peke yangu. Niliamini hivyo kabisa. Nikawa nawaombea nyinyi."

"Sisi tulikuwa tunakuombea wewe."

"Basi mtu alisikilizwa."

Mkewe alikuwa ameleta chai. Aliiweka chini, akabaki amesimama.

"Wakala amekupigia?" mwenzangu aliniuliza.

"Amenipigia."

"Nimemwambia naenda."

Nilimwangalia mkewe. Alikuwa anatazama sakafu. Nikamuuliza mwenzangu kama haogopi.

"Naogopa," alisema. "Usiku nikifumba macho niko kwenye stoo ile, mlango umefungwa. Nikibaki hapa nitakuwa mle mpaka nife. Nataka niufungue mlango ule mchana, bahari imetulia, nione ni chumba cha kamba tu."

"Na ikichafuka tena?"

Alikunywa chai.

Ndipo mkewe akanigeukia. "Na wewe, shemeji? Unaenda naye?"

Nilikuwa nimetoka Jinja bila jibu. Nilifungua mdomo nikiwa bado sijui utasema nini.

"Siendi," nilisema. "Siwezi."

Mwenzangu aliitikia kwa kichwa, taratibu, bila kinyongo. Lakini mkewe aliendelea kunitazama, na nilichokiona usoni mwake sikukitarajia. Alikuwa ameogopa zaidi kuliko nilipoingia.

"Sasa nani atamgongea mlango?" aliuliza.

Niliondoka Nakaloke jioni ile na swali lile. Bado ninalo.

Mwenzangu alikwenda. Mimi nikapata kazi kwenye kinu cha mahindi hapa Jinja, natengeneza mota na mikanda. Ni kazi yenye kelele, na kelele inanifaa. Miezi ile yote alipokuwa baharini, shemeji alinipigia mara kwa mara: umesikia chochote? Sijasikia. Na wewe? Sijasikia. Kisha tukaagana. Nilikuwa nikiangalia hali ya hewa ya kusini kwenye simu yangu kama wengine wanavyoangalia matokeo ya mpira. Upepo ukiongezeka kule, hapa nashindwa kula.

Alirudi salama, amenenepa hata. Analala vizuri, anasema, na nadhani ni kweli. Mimi naendelea polepole. Umeme ukikatika sasa naketi palepale, nashika kiti, na mke wangu huja kuniwekea mkono mgongoni.

Juzi nilikuwa kwao Nakaloke. Chumba cha nyuma kimekwisha, kimepakwa rangi ya maji ya bahari, na tulikuwa tumekaa ndani yake tukicheka jambo fulani la zamani la karakana. Simu yake ikalia mezani. Yeye aliinuka kuipokea akiwa bado anacheka. Shemeji alikuwa mlangoni na sinia mkononi, akasimama hapohapo, na mimi na yeye tukatazamana; sote wawili tuliwaza wakala wa Mombasa.